Swali ambalo sikumtafsiria mama

Sista alitoka kwenye mlango wa thieta saa nne na ushee usiku, mkono wa kulia kaukunja ngumi, akaja kusimama chini ya taa ya korido karibu na benchi letu. Hakusema na mtu. Alitazama saa yake, akasubiri, akatazama tena. Nilidhani kajikata. Kisha akafungua vidole polepole, nikaona kichupa chembamba cha kioo. Chini yake mlikuwa na damu kidogo, haifiki nusu kijiko cha chai.

Akakiinamisha. Damu ikatembea ndani ya kioo, nyepesi kama chai ya rangi. Akakifumbata tena.

Ilikuwa damu ya mama yangu.

"Sista, unafanya nini?"

"Ngoja kwanza. Utanipoteza hesabu."

Nikanyamaza. Akakiinamisha tena, na tena, kila baada ya dakika moja, na kila mara damu ilitembea kama maji. Mara ya mwisho hakukifumbata. Alisukuma mlango kwa bega, nikamsikia akiwaambia wa ndani maneno mawili ya Kiganda. Sauti yake ilitosha kunieleza: haigandi.

Sasa ni wiki ya tisa. Mama yuko hai, anakunywa uji, anagombana na wajukuu. Lakini lipo jambo linalonikosesha usingizi, nalo halikutokea usiku ule. Lilitokea asubuhi, siku tatu kabla yake.

Mama wa Arua, daktari wa Kampala

Mama alikuwa na uvimbe kwenye kizazi kwa miaka mingi. Kila mwezi damu ilimtoka kupita kiasi, mpaka akawa anapanda ngazi tatu na kukaa chini. Mwezi wa kwanza tukamshawishi aje Kampala. Alipanda basi la usiku kutoka Arua, akavuka Karuma alfajiri, akashuka na begi moja na kaveera moja, mfuko wa plastiki.

Mama anazungumza Kilugbara, Kinubi na Kiswahili. Hospitalini hapa watu wanasema Kiganda na Kiingereza. Kwa hiyo mimi nikawa daraja. Kila alichoulizwa kilipitia kinywani mwangu, na kila alichojibu kilirudi kwa njia hiyo hiyo.

Asubuhi ile ya kuandikiwa operesheni, daktari kijana aliuliza mengi kwa haraka. Umri. Mimba ngapi. Presha? Sukari? Alishawahi kupasuliwa? Kuna dawa inayomdhuru? Nikatafsiri yote. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, na mtoto wa mtu alikuwa analia nyuma yetu.

Kisha akauliza: mbali na dawa ya presha, anatumia dawa nyingine yoyote? Za maumivu, aspirini, mitishamba?

Nikajibu, "Hapana."

Mama alikuwa ananitazama, anasubiri tafsiri. Nikamwambia, "Anaulizia dawa. Nimemwambia ni ile ya presha tu."

Akanyamaza. Mama yangu si mtu wa kumkatiza mwanawe mbele ya mganga.

Sekunde mbili, si zaidi.

Nilichodhani kuhusu damu

Nilikuwa naifikiria damu kama maji ya mfereji. Bomba likipasuka unaziba, tangi likipungua unajaza. Benchi lile lilinifundisha kwamba nusu ya mambo sikuwa nayajua.

Alichofanya sista ni kipimo cha zamani, nacho kimo hata kwenye miongozo ya Shirika la Afya Duniani kwa wajawazito wanaovuja damu. Unachukua mililita 2 za damu, unazitia kwenye kichupa safi cha kioo kisicho na dawa, unakifumbata ili kipate joto la mwili. Dakika 4 zikipita unakiinamisha, kisha kila dakika moja tena. Ikifika dakika 7 damu bado inatembea, au imeshikana bonge laini linalovunjika, ujue imepoteza nguvu ya kuganda. Maabara ina vipimo vinavyoeleza zaidi, lakini usiku majibu huchelewa, na mkono wa sista upo.

Kuganda ni kazi, na kazi inahitaji vifaa. Mshipa ukikatwa, chembe sahani hukimbilia mahali pale na kushikana. Kisha protini moja huamsha nyingine, hiyo huamsha ya tatu, mpaka fibrinojeni inageuka nyuzi za fibrini, na nyuzi hizo hufuma wavu unaoshika kila kitu. Tatizo ni kwamba mtu anapovuja sana, vifaa vinatoka pamoja na damu. Dripu ya maji unayomtia ili presha isianguke inapunguza makali ya vilivyobaki. Fibrinojeni ndiyo huwa ya kwanza kupungua mno.

Ndiyo maana kuvuja huzaa kuvuja. Mpasuaji anaweza kufunga kila mshipa anaouona, na damu ikaendelea kuchuruzika kutoka kila mahali, hata pale sindano ilipoingia.

Blanketi

Saa tano kasoro mlango ulifunguka tena. "Mtu wa Mama wa Arua! Una blanketi?"

Nilikuwa nalo, la kulalia sisi wauguzaji. Nikalitoa, na kusema kweli nilikasirika. Mtu anakufa wanaulizia blanketi?

Leo naona aibu kwa hasira ile. Protini za kuganda hufanya kazi vizuri kwenye joto la mwili, nyuzi 37. Mgonjwa akipoa, kazi yao hupungua kasi, na chembe sahani nazo huzubaa. Thieta ina baridi, tumbo liko wazi, dripu ni ya baridi, na damu ya benki hutoka kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 6. Zaidi ya hapo, mwili usiopata damu ya kutosha hujaa asidi, na asidi nayo huharibu kuganda. Baridi, asidi, damu isiyoganda: kila kimoja kinawavuta wenzake wawili. Madaktari wa majeruhi wanaujua utatu huo na wanauogopa.

Kwa hiyo blanketi langu lenye madoa ya chai lilikuwa dawa, kama zile za kwenye sindano.

Mwezi wa kwanza, shule zimefungwa

Kabla ya operesheni waliomba yuniti 4 za damu. Zilikuja 2.

Anayeishi Uganda hahitaji kuelezwa sana. Damu yetu inatoka kwa watu wanaojitolea bila malipo, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya watu hao ni wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa, friji za Nakasero, kwenye benki kuu ya damu, na za benki za mikoani zinapungua. Mwezi wa kwanza ni likizo. Wanaokumbuka shule zilivyofungwa kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022 wanakumbuka na kilio cha damu cha miaka ile.

Nilichokuwa sijui ni kwamba hata yuniti ikipatikana, haileti kila kitu kilichopotea. Damu nzima hukaa siku 35 kwenye friji, lakini chembe sahani haziwezi baridi hiyo. Zenyewe huhifadhiwa pembeni kwenye nyuzi 20 hadi 24, zikitikiswa muda wote, kwa siku 5 tu. Na ndani ya mfuko mna sitrati, ambayo huikamata kalsiamu ili damu isigande humo mfukoni. Ukimtia mtu mifuko mingi kwa haraka, sitrati hiyo inaikamata na kalsiamu yake yeye, na bila kalsiamu ule mnyororo wa protini hausogei. Kwa hiyo wanaomwokoa kwa damu wanalazimika kumchoma na kalsiamu.

Yuniti mbili nyingine zilifika saa sita ya usiku ikiwa imepita. Aliyezileta alipita mbio na boksi la bluu. Sikumwona uso. Namwombea mpaka leo.

Sindano ya Bi. Okamoto

Daktari wa usingizi, mama mmoja wa makamo, alitoka karibu saa saba. Alikaa kwenye benchi nasi, jambo ambalo sikulitarajia. Akasema wamekitoa kizazi, wamepaki tumbo kwa vitambaa, wamempa asidi ya traneksamiki, damu sasa inaanza kushika.

Jina hilo nilikwenda nalo nyumbani nikalisoma. Iligunduliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke, wakaitangaza 1962. Haiumbi bonge jipya. Inalinda lile lililokwisha kufumwa, ili mwili usiliyeyushe mapema. Bi. Okamoto aliitaka kwa ajili ya wanawake wanaokufa kwa kuvuja damu baada ya kujifungua, lakini hakuwapata wakunga na madaktari wa uzazi wa kuijaribu. Ilipita zaidi ya nusu karne. Ndipo uchunguzi mkubwa, WOMAN, ukakusanya wanawake 20,060 katika nchi 21, na Uganda imo. Majibu yalitoka 2017: wakipewa ndani ya saa 3 tangu kujifungua, vifo vya kuvuja damu vinapungua kwa karibu theluthi moja. Bi. Okamoto alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, ana miaka 98.

Kwa operesheni zisizo za moyo, majibu mazito yalikuja 2022, kwa wagonjwa 9,535. Waliovuja damu vibaya walikuwa asilimia 9.1 kwa waliopewa, na 11.7 kwa wasiopewa.

Nimerudia kuisoma habari ya mwanamke huyo mara nyingi. Waganda waliokubali kuandikwa kwenye uchunguzi ule, wakiwa bado juu ya kitanda cha kujifungulia, sijui kama kuna aliyewarudia kuwaambia walichokifanya. Mama yangu amefaidi.

Ndani ya kaveera

Siku ya nne, wodini, mama aliniomba leso yake. Nikafungua kaveera. Chini ya leso nikakuta karatasi ya fedha ya vidonge vidogo vyeupe. Nafasi 14. Tupu 11.

Aspirini, miligramu 75.

"Mama, hii ni nini?"

"Ya kulainisha damu. Musawo, daktari wa klinki kule nyumbani, alinipa kwa ajili ya presha. Huu mwaka wa pili."

"Ulimeza hata usiku wa kuamkia operesheni?"

"Hasa usiku ule, mwanangu. Niliogopa damu isije ikaganda, nikapooza juu ya meza yao."

Nikakaa kwenye mkeka.

Mantiki yake haikuwa na kosa hata moja. Aliambiwa kidonge kinazuia kupooza, na hakuna siku aliyoogopa kupooza kama siku ile. Hakuficha kitu. Kidonge kilikuwa kwenye begi lake, jibu lilikuwa mdomoni mwake, na mimi nikajibu kwa niaba yake.

Aspirini huifunga chembe sahani, na chembe hiyo haina kiini cha kuiwezesha kujitengeneza upya. Inabaki hivyo mpaka ife, yaani siku 7 hadi 10. Inabidi mwili ulete nyingine, kiasi cha sehemu moja ya kumi kila siku. Ndiyo maana kwa operesheni nyingi daktari akiamua iachwe, huhesabu wiki moja kabla. Akiamua, nasema. Aliyewekewa waya wa kupanua mshipa wa moyo anaweza kuambiwa asiache hata siku moja, na akiacha kwa akili yake anaweza kufa kwa njia nyingine.

Sikumwambia mtu. Hata kaka yangu sikumwambia.

Siku ya sita

Siku ya sita mguu wa kushoto wa mama ulivimba, ukawa wa moto. Wakampima kwa ultrasaundi: damu imeganda ndani ya mshipa mkubwa wa paja.

Hapo akili yangu iligoma. Siku sita nyuma tulikuwa tunaibembeleza damu hii igande. Watu walihesabu dakika ndani ya ngumi. Leo daktari anataka kumchoma sindano ya kuizuia isigande?

Nilimuuliza kama ile traneksamiki ndiyo imeleta haya. Akanijibu kwa subira kwamba chunguzi kubwa kama ule wa WOMAN hazikukuta mabonge zaidi kwa waliopewa. Sababu anazozijua ni tatu na ni za siku nyingi: damu inayotembea polepole kwa kulala kitandani, mishipa ya nyonga iliyosumbuliwa na operesheni, na mwili wenyewe, ambao baada ya kujeruhiwa huongeza vifaa vya kugandisha kana kwamba vita bado inaendelea. Bonge likikatika likaenda kwenye mapafu, alisema, linaweza kumwua ndani ya dakika chache. Kidonda cha ndani kimeshashika. Leo hatari kubwa iko upande huu.

Nikataka kusema "sawa" nimalize.

Nikageuka kwa mama. Nikamtafsiria yote, hata lile la mapafu, ambalo kwetu mtu huwa hamwambii mgonjwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na nikivuja tena?" Nikaliuliza swali lake kama lilivyo. Daktari akajibu kwamba inawezekana, kwamba wataangalia kidonda na kupima damu, na kwamba sindano itaanza usiku huo akikubali.

Sista aliyeleta sindano alikuwa amevaa hijabu. Akaniambia pembeni, "Hii enoksaparini inatokana na utumbo wa nguruwe. Naona mama anaswali. Ni haki yake kujua." Ipo inayotengenezwa maabara bila mnyama, fondaparinuksi, lakini usiku ule famasi hawakuwa nayo.

Kishawishi cha kulimeza hilo moyoni kilikuwa kikubwa kuliko cha mara ya kwanza. Nilikuwa na sababu nzuri: asije akakataa akafa.

Nikamwambia.

Mama alinyamaza kwa muda mrefu. Akaomba simu, akampigia mjomba, ambaye ni maalim kule Arua. Mjomba alimsomea Al-Baqara, aya ya 173, ya aliyelazimika bila kutamani wala kuvuka mpaka. Hawakuongea hata dakika tano. Mama akarudisha simu, akafunua tumbo mwenyewe pale pembeni ya bandeji.

"Mwambie achome."

Nane kati ya elfu moja

Wiki ya sita, siku ya kliniki, nilimfuata yule daktari wa usingizi. Nilikuwa na ile karatasi ya vidonge mfukoni. Nikamweleza yote, pamoja na zile sekunde mbili.

Nilitarajia anilaumu au anifariji. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliitazama karatasi, akanieleza habari ya uchunguzi wa 2014 uliohusisha wagonjwa 10,010 wa operesheni zisizo za moyo. Waliopewa aspirini, waliovuja damu vibaya walikuwa kama 46 katika kila 1,000. Waliopewa kidonge kisicho na dawa, 38.

"Tofauti ni 8," alisema. "Uvimbe wa mama yako ulikuwa mkubwa na una mishipa mingi. Nimeona wasiomeza chochote wakavuja kuliko yeye. Siwezi kukuambia ni aspirini, na siwezi kukuambia siyo."

Kisha akaongeza jambo ambalo ndilo limenifanya niandike. Angejua, alisema, huenda operesheni ingesogezwa wiki moja, au isisogezwe lakini wangeingia na damu 4 mkononi badala ya 2, na traneksamiki ingeingia kabla ya kisu. "Kila tunachofanya mle ndani baada ya damu kuanza kukimbia, tunaifukuza. Swali lile la asubuhi ndiyo nafasi pekee ya kuitangulia."

Nimekaa na zile 8. Usiku nazihesabu. Mama yumo kati ya 8, au yumo kati ya 38 ambao wangevuja hata hivyo? Hakuna kipimo kitakachonijibu.

Kitabu cha kurasa 48

Mama sasa yuko kwenye warfarini, vidonge vya kuzuia damu isigande, kwa miezi mitatu. Kila baada ya muda anapimwa jinsi damu inavyochelewa kuganda, na namba ya kipimo hicho, INR, inatakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Ikishuka anakaribia bonge, ikipanda anakaribia kuvuja. Hata dodo, yaani mchicha, na sukuma wiki zina neno hapo, maana majani yana vitamini K, ambayo dawa inapingana nayo. Hakukatazwa kula. Aliambiwa tu asile sahani kubwa leo kisha akakaa wiki nzima bila.

Nimemnunulia daftari jipya la shule, lile tunalotumia sote kliniki. Ukurasa wa kwanza nimeandika dawa zake zote, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili.

Wiki iliyopita tuliingia kwa daktari mwingine, mgeni kabisa. Akafungua daftari, akauliza lile swali: kuna kingine anachotumia?

Nikamgeukia mama nikamtafsiria neno kwa neno. Dawa za maumivu, vidonge vya dukani, mitishamba, chochote unachokula kwa nia ya kujitibu.

Mama akahesabu kwa vidole. Ya presha. Hii ya damu. "Na kitunguu saumu kibichi, punje tatu kila asubuhi. Tangu mwaka juzi."

Na kitunguu saumu nacho hulegeza chembe sahani.

"Mama, mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuwahi kuniuliza."

Daktari alikuwa ameinua kalamu anasubiri. "Amesemaje?"

Nikamwambia.